Acheni kupigana na mkono, angalieni saiti

Jumamosi tulifungua milango ya klabu yetu ya kupiga shabaha kwa wageni, watu walijaa, wazee kwa vijana, na kila nikimpa mtu bastola ya hewa nasikia wimbo uleule: "Kocha mimi siwezi, mkono unatetemeka." Jamani. Kila mkono unatetemeka! Bastola hii, ya kupiga shabaha iliyo mita 10, inashikwa kwa mkono mmoja ulionyooshwa, hakuna binadamu anayeweza kuigandisha pale, hata hao mnaowaona Olimpiki bastola zao zinacheza. Ila zao hazichezi sana kama yako.

Hebu tupige hesabu maana maneno matupu hayaingii. Kwenye kadi ya bastola ya hewa duara la pointi 10 lina upana wa milimita 11.5, risasi yenyewe ni milimita 4.5, na ikigusa tu mstari unapewa pointi ya juu. Kwa hiyo saiti zako, yaani vile vifaa viwili vya kulengea juu ya bastola, kimoja mbele na kimoja nyuma chenye mwanya, zikiwa zimekaa sawa halafu mkono mzima ukahama milimita 5 kulia, bado umepata 10. Sasa chukua kosa la pili: mkono umetulia kabisa, ila saiti ya mbele imesogea milimita 1 tu ndani ya ule mwanya wa saiti ya nyuma. Kati ya saiti hizo mbili kuna kama sentimita 35, shabaha iko mita 10, lile kosa dogo linakua linakua mpaka linafika karibu milimita 28 kwenye kadi. Hiyo ni 7. Milimita moja! Na wewe muda wote huo unahangaika na mkono.

Ndo maana nasema jicho likae kwenye saiti ya mbele. Uione kingo zake kali, vile vijistari viwili vya mwanga kushoto na kulia vilingane, juu pawe bapa. Shabaha iache iwe ukungu. Hapa ndo watu wanabisha, "sasa nitalengaje kitu nisichokiona vizuri?" Unakiona vya kutosha, na wengi wetu hata hatulengi katikati ya lile duara jeusi la kadi, tunalenga kwenye nyeupe chini yake, saiti zinarekebishwa zipige juu, kwa sababu saiti nyeusi juu ya duara jeusi inapotea.

Anayeogopa kutetemeka ana ugonjwa mwingine, anasubiri. Anavizia ile nukta saiti inapita katikati halafu anaibamiza triga, SASA! Kidole kinavuta mkono mzima, na kwa anayetumia mkono wa kulia risasi inaenda chini kushoto. Kanuni inataka triga ibebe angalau gramu 500, sio nyingi ila ukiibamiza inatosha kuharibu kila kitu. Ibane taratibu huku saiti zinacheza, iende yenyewe. Ukiona sekunde zinakwenda na hujapiga shusha mkono, pumzika, anza upya, hakuna anayekufukuza, hata kwenye mashindano risasi 60 zina saa 1 na dakika 15.

Kuhusu pumzi mimi mwenyewe sijatulia. Kuna makocha wanasema toa nusu ubane, wengine wanasema iache iishe yenyewe, nimefundisha zote mbili na nimeona wote wakipiga vizuri, sitamlazimisha mtu. Jicho la pili usilifumbe kwa nguvu, uso unakaza, weka kikinga mbele yake basi. Usalama hauna mjadala: mtutu kwenye shabaha, kidole nje ya triga mpaka uwe tayari.

Kwa hiyo darasa la wanaoanza linabadilika. Alhamisi hii tunageuza kadi, upande mweupe mtupu ndo unaangalia mpigaji, hakuna duara wala namba, mnapiga mkiangalia saiti peke yake. Mtashangaa matundu yanavyokusanyika. Waliosema hawawezi Jumamosi, nyie hasa ndo nawataka, njooni mapema tuwapimie mishikio ya bastola.