Je, wajua? Gemu ya muziki humalizwa haraka nje ya muziki

Mwambie mteja wa vibanda vya gemu pale Mwanjelwa, Mbeya, kwamba kuna watu wanashindana kumaliza gemu za muziki kwa kasi, atakuuliza: wimbo wa dakika tatu ni dakika tatu kwa kila mtu, sasa haraka inatoka wapi? Swali la maana. Jibu linalozoeleka, kwamba siri ni wepesi wa vidole, ndilo lenye kasoro. Kidole kikiutangulia mdundo ni kosa, sawa na kikichelewa. Kwenye Guitar Hero ya 2005, gemu ya kuigiza kupiga gitaa, fundi na yule anayeponea chupuchupu humaliza wimbo sekunde ileile. Pointi na sifa hazipunguzi hata nukta moja ya saa.

Saa inapungua kwenye menyu, kurasa za matokeo na maelezo yanayoweza kurukwa. Gemu hiyo ina nyimbo 30 za safari kuu; ukizubaa sekunde 4 kila baada ya wimbo, umepoteza kama dakika 2. Kinachoumiza zaidi ni kufeli wimbo ukiwa karibu na mwisho, maana unaurudia wote. Kwa hiyo anayeanza apige kwa usalama, na mpangilio wa menyu aukariri kama namba yake ya simu.

Rhythm Heaven ya Nintendo DS ina mtego wake: ukifeli mchezo mmojawapo wa ndani yake mara tatu, unaruhusiwa kuuruka. Inaonekana njia ya mkato, ila kila kufeli kunakuja baada ya kuucheza mpaka mwisho. Umelipa mara tatu ili usilipe mara moja.

Zipo gemu zinazokwenda kinyume, tukubali. Kwenye Crypt of the NecroDancer ya 2015 unapiga hatua kwa mdundo, lakini mhusika aitwaye Bard hafungwi na mdundo wowote. Kwake, wepesi wa vidole unarudi kuwa mali. Gemu ya muziki isiyojali muziki!

Sasa pedi, yaani kifaa cha mkononi chenye vitufe vya kuchezea gemu. Wengi hutafuta yenye ucheleweshaji (muda kati ya kubonyeza na gemu kuitikia) mdogo kabisa, kumbe cha kuogopa ni ucheleweshaji usiotabirika. Fikiria daladala ya kutoka Uyole. Ikichelewa dakika 10 kila siku, unatoka nyumbani dakika 10 baadaye na hupotezi kitu. Ikichelewa 2 leo na 15 kesho, huna pa kujipangia. Pedi inayochelewa milisekunde 20 siku zote, gemu inairekebisha kwenye mipangilio ya ulinganifu wa sauti na picha. Inayoyumba kati ya 5 na 30 haina dawa. Ndiyo maana kwa kawaida waya unashinda Bluetooth: USB inayosomwa mara 125 kwa sekunde inayumba kwa hadi milisekunde 8 tu, kama nusu ya muda wa picha moja kwenye gemu ya picha 60 kwa sekunde.

Ila ulinganifu huo hausaidii kwenye menyu. Mibonyezo 300 inayosubiriana, kila mmoja ukichelewa milisekunde 20, ni sekunde 6 zimekwenda. Humo tumia vitufe vya mishale, usitumie kijiti: kijiti kikipitiliza kinachagua wimbo wa jirani. Kwa kompyuta, kibodi ya bei rahisi mara nyingi haisomi vitufe vitatu au vinne vya pamoja. Jaribu mchanganyiko unaohitaji kabla ya kulaumu mkono. Pedi za kujibonyeza zenyewe kwa kawaida zimepigwa marufuku mashindanoni, soma kanuni kwanza.

Televisheni iweke kwenye hali ya gemu, na spika za Bluetooth ziache: sauti yake inaweza kuchelewa zaidi ya milisekunde 100. Ukibadilisha televisheni, pima ulinganifu upya. Na asubuhi za Julai huku Mbeya au Makete, pasha vidole kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuwasha saa. Vidole vyenye ganzi huchelewa bila mpangilio, na hakuna mipangilio ya gemu inayovilinganisha.