Trei za Mayai Hazitengenezi Studio ya Muziki wa Filamu

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Tabata alinitumia picha kwa WhatsApp. Chumba cha uani, kuta tatu zimefunikwa trei za mayai kutoka sakafuni mpaka darini, zimepakwa rangi nyeusi zikakaa kwa mpangilio mzuri. Chini ya picha kaandika: "Shikamoo kaka, studio iko tayari kwa kazi za filamu. Bado spika kubwa tu." Nilimpigia palepale. Huyu ni wa nne mwaka huu, na wote wanne walikuwa wameshamaliza wikendi nzima wakigundisha karatasi ukutani, huku pesa iliyobaki ikiwa njiani kwenda dukani kununua kitu ambacho hawakihitaji.

Kazi yangu ni kurekebisha vyumba vya sauti hapa Dar es Salaam. Zamani wateja wangu walikuwa watu wa redio na kwaya. Siku hizi wengi ni maprodyuza wa biti wanaopata kazi za tamthilia na filamu, na wanataka kukipandisha daraja kile chumba walichokuwa wanarekodia wasanii wa mtaani. Nawaheshimu sana, wana masikio na wana bidii. Ndiyo maana naumia nikiona wanavyopoteza fedha.

"Trei za mayai zinazuia sauti"

Sentensi hii fupi imebeba makosa mawili. Kuzuia sauti isitoke wala isiingie ni kazi moja. Kutuliza sauti inayodunda humo humo chumbani ni kazi nyingine kabisa. Vifaa vyake ni tofauti na mahesabu yake ni tofauti. Trei ya mayai haifanyi hii wala ile.

Kuzuia sauti kunataka uzito na kunataka kuziba. Ukuta wa tofali la inchi 6 uliopigwa plasta tayari ni mzito, na ukiuongezea uzito mara mbili unapata takriban desibeli 6 za ziada. Sasa chukua trei, ipime mkononi. Unaiinua kwa kidole kimoja. Itaongeza nini kwenye ukuta wa tofali? Bodaboda unayoisikia haipiti ukutani, inapita kwenye dirisha la luva na chini ya mlango. Upenyo wa sentimita 1 chini ya mlango wa kawaida ni kama nusu ya asilimia 1 ya eneo la mlango wenyewe, na huo peke yake unatosha kukukwamisha: hata ungeweka mlango wa chuma, hautazuia zaidi ya desibeli 23 hivi. Mpira wa kuzibia fremu na ubao wa chini ya mlango vitakusaidia kuliko trei mia tatu.

Na hapo mtunzi wa muziki wa filamu ajiulize kama kuzuia sauti ndiyo shida yake kweli. Kama kinanda chako ni sempo, yaani sauti zilizokwisha rekodiwa zilizomo kwenye kompyuta, violini zako ni sempo na ngoma zako ni sempo, jogoo wa jirani anakukera wewe tu, hayumo kwenye faili. Siku ukitaka kurekodi zeze au filimbi ya kweli, rekodi saa nane usiku, au omba ukumbi. Ukikaa chini ya bati lisilo na dari nzito, mvua ikinyesha hurekodi, uwe na trei au usiwe nazo.

Tuje kwenye kutuliza. Kitu kinyonyaji kikikaa juu ya ukuta kinataka unene unaokaribia robo ya urefu wa wimbi ndipo kilimeze vizuri. Kwa joto la huku kwetu sauti inakimbia karibu mita 347 kwa sekunde. Wimbi la besi la 48 Hz, yaani mitikisiko 48 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita 7, robo yake ni mita 1.8. Trei ina kina cha sentimita 5 hivi, ambayo ni robo ya wimbi la 1,700 Hz. Kwa hiyo chini ya hapo, yaani kwenye selo, kontrabesi, ngoma, na sehemu kubwa ya sauti ya mwanamume anapoongea, trei ni kama haipo. Juu ya hapo inapunguza kidogo tu, maana ni karatasi iliyoshindiliwa.

Watu wanadanganywa na makofi. Mtu anaingia, anapiga kofi moja, anasikia ule mlio wa juu umepungua, anasema "umesikia, chumba kimekufa." Kofi halina besi. Umepunguza trebo kidogo ukaziacha besi zote zizunguke. Kisha unatunga humo miezi, unaona kila kitu ni kizito na hafifu juu, unaongeza trebo, na violini zako zikifika ukumbini zinachoma masikio.

Nilienda Tabata Jumamosi. Chumba kina urefu wa mita 3.6, upana mita 3, kimo mita 2.7. Meza ameiweka katikati, kiti kiko mita 1.8 kutoka ukuta wa mbele. Nilimwambia akae, nikacheza sauti tupu ya 48 Hz.

"Kaka, mbona haitoki kitu?"

Nikamwambia asimame aende taratibu hadi ukuta wa nyuma. Alipofika aliweka kiganja kifuani, kwa sababu kifua kilikuwa kinatikisika. Akarudi kitini, sauti ikapotea. Akaenda tena, ikarudi. Alifanya hivyo mara tatu bila kusema neno. Wewe msomaji unaweza kulifanya jaribio hili leo usiku kwa spika ulizo nazo. Chukua urefu wa chumba kwa mita, uzidishe kwa 2, ugawe 347 kwa jibu hilo: hiyo ndiyo Hz ya kucheza.

Kinachotokea ni hiki. Wimbi linalokwenda na kurudi kati ya kuta mbili linajikusanya kwenye kuta na kujifuta katikati. Kijana alikuwa amekaa ndani ya shimo. Tukafungua kazi yake: mama anasubiri kituo cha polisi, maneno ya kunong'ona, na chini yake kontrabesi imeshikilia noti ya G ya 49 Hz. Kwa kuwa hakuisikia, alikuwa ameongeza desibeli 9 kwa ikwalaiza, kile kidhibiti cha besi na trebo, "ili iwe na uzito." Tulilicheza faili kwenye gari langu nje. Mama ananong'ona, hakusikika hata neno moja. Muziki ulikuwa umeimeza sinema.

Ikwalaiza haizibi shimo la aina hii. Unapoongeza, unaongeza wimbi linalokwenda na linalorudi pia, yanaendelea kufutana pale ulipokaa na kujaa kila mahali pengine. Spika kubwa nazo vivyo hivyo. Dawa ya kwanza ni ya bure: sogeza kiti. Tulikisogeza hadi mita 1.37 kutoka ukuta wa mbele, yaani asilimia 38 ya urefu. Hapo ni mahali pa kuanzia, ukishafika sogea mbele na nyuma kidogo huku ukipima. Spika zilikuwa sentimita 60 kutoka ukutani, umbali unaotoboa shimo jingine karibu na 145 Hz, kwa hiyo tukazisogeza hadi sentimita 12 na kupunguza besi kwa swichi iliyo nyuma yake.

Halafu ndipo tukajenga. Sufi ya mawe, ile ya mabamba wanayofungia mabomba ya moto viwandani, unene sentimita 10, kwenye fremu za mbao za sentimita 60 kwa 120. Vaa glavu na barakoa unapoikata. Mbili zikasimama kwenye pembe za mbele, mbili juu ya kochi nyuma zikiachwa sentimita 10 mbali na ukuta, na moja kila upande pale ambapo ukimwagiza mtu apitishe kioo ukutani unaiona spika ukiwa kitini. Kitambaa cha kufunika nina msimamo nacho: kanga ya pamba iliyofuliwa mpaka ikalegea. Weka mdomo, puliza. Pumzi ikipita, sauti inapita. Kitenge kipya chenye nta kinarudisha trebo chumbani, na vile vya ngozi ya plastiki ndiyo usiguse kabisa.

Tulipobandua trei ukuta ulikuwa na ukungu wa kijani na mende wamezaliana. Hilo unaweza kulisafisha. La moto huwezi. Studio ni waya na adapta zinazochemka kutwa, na umezizungushia karatasi kavu au sponji la godoro. Februari 2003 kule West Warwick, Marekani, sponji lililobandikwa kuzuia kelele kwenye ukumbi wa muziki lilishika moto wa fataki, watu 100 wakafa. Januari 2013 Santa Maria, Brazil, ikawa hivyo hivyo, wakafa 242. Nawataja kila ninapoingia chumba chenye sponji, na nitaendelea kuwataja.

"Filamu inataka spika 12 za Atmos"

Dolby Atmos, mfumo wa sauti unaomzunguka msikilizaji mpaka juu ya kichwa, iliingia kumbi za sinema mwaka 2012 na wengi wanadhani bila hiyo huwezi kupewa kazi. Mpangilio wake wa 7.1.4 unataka spika 12 (saba za kuzunguka, moja ya besi, nne za juu), na ndani ya chumba cha mita 3 kwa 3.6 huna hata pa kuzining'iniza kwa umbali unaotakiwa. Mchanganyaji wa mwisho wa filamu ndiye mwenye chumba hicho. Kutoka kwako anataka stemu zilizotengwa vizuri: nyuzi peke yake, ngoma peke yake, besi peke yake, ili maneno yakizidiwa ashushe ngoma bila kuua violini. Zote zianze sehemu moja na ziwe na jina la onyesho.

"44.1 inatosha" na "96 ndiyo ubora"

Namba hizi ni kHz, yaani kompyuta inachukua sampuli ya sauti mara elfu ngapi kwa sekunde. Kazi ya picha ni 48 kHz, biti 24. Faili la 44.1 likisomwa kama la 48, muziki unakimbia kwa karibu asilimia 9 na kupanda zaidi ya nusutoni moja. Hiyo 96 itakumalizia diski. Jambo la kuuliza kabla ya kugusa kinanda ni fremu, yaani picha ngapi kwa sekunde: 25, 24, au 23.976? Programu yako ikihesabu 24 kamili na picha ikawa 23.976, baada ya saa 1 hesabu zenu zimepishana sekunde 3.6. Uliza kwa maandishi, muongozaji akujibu kwa maandishi.

"Masta iwe juu kama ya Bongo Fleva"

Muziki wa filamu unakaa chini ya mtu anayeongea. Netflix wanapima ukubwa wa sauti ya filamu nzima kwa kufuata maongezi, LKFS −27 (LKFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), na kilele kisivuke desibeli −2. Ukileta muziki uliobanwa na limita, kile kifaa kinachokata vilele vya sauti, mpaka ukawa tofali, mchanganyaji ataushusha tu, na ule msisimko uliotungia onyesho umeshaubana mwenyewe. Ondoa limita kwenye masta.

"Hedifoni hazifai"

Zinafaa, hasa chini ya 100 Hz ambako chumba kidogo kinadanganya zaidi. Chukua zile za mgongo wazi, zisizozibwa upande wa nje. Maamuzi ya kulia na kushoto na ya mwangwi yarudishe kwenye spika.

"Spika zinavuma, ni mbovu"

Mara nyingi huo mvumo wa 50 au 100 Hz unatokana na athi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, vifaa vyako vikiipata kwa njia zaidi ya moja. Chomeka kompyuta, saundi kadi na spika kwenye soketi moja, tumia waya za balansi, zile zenye nyaya mbili za sauti ndani ya kinga. Ukikuta nyumba haina athi ya kweli, mwite fundi umeme achimbie fimbo na kuipima. Wapo wanaokata pini ya athi ili mvumo uishe. Hiyo pini ndiyo inayokuokoa siku kava ya chuma ikipata umeme, usiikate kwa sababu yoyote ile.

"Spika kubwa ndiyo besi"

Hii ndiyo iliyokuwa inampeleka dukani kijana wa Tabata. Ukumbi wa sinema huwekwa ili kila spika ya mbele itoe desibeli 85. Chumba cha chini ya mita za ujazo 42, kwa mwongozo wa sauti ya televisheni wa Marekani uitwao A/85, kinawekwa kwenye 76. Chake ni mita za ujazo 29. Spika ya inchi 5 inafika 76 bila kutoa jasho. Spika ya inchi 8 humo ndani inaongeza nguvu kwenye masafa yale yale ambayo chumba kinayavuruga, na unalipia shida uliyonayo tayari.

Mabamba sita, mbao na kanga havikufika nusu ya bei ya spika alizokuwa amezipangia. Jumatatu alinitumia lile onyesho la kituo cha polisi upya. Ameondoa zile desibeli 9 zote, G iko pale chini, unaihisi mgongoni, na mama anasikika kila neno. Spika zake za inchi 5 bado ziko juu ya meza.