Kabla ya Kuchora Duka, Muulize Dereva wa Lori

Kila ramani ya duka inayoletwa mezani kwetu, ofisi ya mipango ya kaunti, ina magari. Msanifu ameyachora manne au matano, yamejipanga mbele ya jengo kama meno. Lori halimo. Nikimuuliza mwenye ploti bidhaa zitaingia vipi, jibu huwa lilelile: "Litasimama hapo nje, mara moja tu."

Mara moja hiyo ndiyo inayofunga Barabara ya Lamu asubuhi hapa Malindi. Lori la saruji limesimama nusu kwenye lami, nusu ukingoni. Vijana wawili wanashusha mifuko mabegani, tuk-tuk zinalipita upande usio wao, na mama anayetoka sokoni na kikapu chake anashukia barabarani kwa kuwa njia ya miguu imezibwa. Tani kumi za saruji ni mifuko 200 ya kilo 50. Hesabu mwenyewe hiyo "mara moja" ni dakika ngapi.

Ukingo ulio mbele ya ploti yako si wako. Ni akiba ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara, na humo hupita mfereji wa maji ya mvua, nguzo za umeme, mabomba na miguu ya watu. Maegesho ya jengo na sehemu ya kushushia mizigo huhesabiwa ndani ya mpaka wa ploti. Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliziachia kaunti kazi ya mipango pamoja na mambo ya magari na maegesho. Kisha ikaja Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019: hakuna ujenzi bila kibali cha kaunti, na anayeanza bila kibali, akipatikana na hatia, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kibali chenyewe huja na masharti. Wengi huikunja barua wakafurahia muhuri, na ukurasa wa masharti wasiusome.

Sasa tushike utepe. Ploti nyingi zinazouzwa hapa ni za futi 50 kwa 100, yaani kama mita 15 kwa 30. Gari dogo lahitaji nafasi ya mita 2.5 kwa 5. Yakipangwa ubavu kwa ubavu yakitazama jengo, nyuma yake panatakiwa mita 6 za kurudia nyuma na kugeuka. Jumla ni mita 11 za kina, zaidi ya thuluthi ya ploti nzima, kabla hujaweka tofali hata moja. Ukitoa unene wa kuta mbili za mpaka, upana uliobaki unachukua magari matano na kipenyo cha watu kupita. Hauchukui la sita. Msanifu akikuchorea sita, mwulize milango ya magari itafunguka vipi.

Lori ni habari nyingine. Upana wake ni karibu mita 2.5 bila vioo, kwa hiyo lipe nafasi ya mita 3.5, maana mbebaji lazima apite ubavuni na mfuko begani. Urefu unategemea biashara. Muuza nguo atatosheka na kanta, lori dogo, muuza saruji na mabati hatotosheka. Tazama na juu: lori lililopakia laweza kupita mita 4, na nimeona paa la makuti lililoning'inia vizuri sana kwa ajili ya kivuli likichanwa siku ya kwanza ya mzigo. Lango nalo lisogezwe ndani, au liwe la kuteleza, ili gari linalongoja kufunguliwa lisingoje likiwa barabarani. Mahali gari linapovuka mfereji weka kalvati, yaani njia ya kupitishia maji chini yake. Kuujaza mfereji kifusi ni kumwagia jirani maji ya masika.

Jambo moja halionekani kwenye karatasi. Nyumba nyingi za Malindi hutegemea shimo la maji taka, na sehemu tupu iliyobaki ya kulichimba huwa palepale pa maegesho. Si kosa, ila mfuniko wa zege uliopigiwa hesabu ya kukanyagwa na watu hauwezi lori. Mwambie mhandisi mapema kwamba juu yake patapita magari, aongeze nondo na unene, au shimo lihamishwe.

Makosa mengi tunayoyakuta, hata hivyo, huja baada ya ujenzi. Jengo limekaguliwa na nafasi zote tano zipo, zimepakwa na rangi. Baada ya mwaka tunarudi: ya kwanza imekuwa kibanda cha M-Pesa, ya pili ina tangi la maji, ya tatu ni jenereta, ya nne kuna mama wa viazi karai ambaye kusema kweli viazi vyake ni vitamu na hakuna mtu ofisini anayetaka kuwa wa kumwondoa. Ya tano anaegesha mwenye duka mwenyewe. Wateja wote wako barabarani. Nafasi iliyoidhinishwa kwenye ramani ni sehemu ya kibali kama ulivyo ukuta, na ukiigeuza bila idhini waweza kupewa ilani ya kuirudisha ilivyokuwa, hata kufutiwa kibali. Ukipata ilani usiichane. Una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mambo ya mipango.

Anayegeuza nyumba ya kuishi kuwa mkahawa au nyumba ya wageni naye hajajenga kitu, lakini amebadilisha matumizi, na hilo lahitaji kibali. Hapo nafasi huhesabiwa upya: mkahawa kwa eneo la sakafu au viti, nyumba ya wageni kwa vyumba, na jengo lenye duka chini na vyumba vya kupangisha juu hujumlishwa yote mawili. Njoo uulize kiwango kinachokuhusu kabla msanifu hajashika kalamu. Kuuliza ni bure, kuchora upya si bure.

Wapo wanaotuambia tunaiga Ulaya na Marekani. Wana hoja. Mji wa Columbus, Ohio, ulianza kudai maegesho kwa majengo ya flati mwaka 1923, na mwaka 2017 Buffalo, New York, ikafuta kabisa sharti la idadi ya chini ya maegesho, kwa kuwa miji ilikuwa imejaa viwanja vya lami visivyo na gari. Mimi binafsi sipendi kumlazimisha muuza khanga atenge nafasi kumi za magari ilhali wateja wake huja kwa tuk-tuk na kwa miguu. Nafasi moja ya gari hubeba pikipiki nne. Ila kwenye lori silegezi, kwa sababu mzigo hauji kwa miguu.

Hata Lamu, kwenye mji wa kale ulio katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, mzigo una mahali pake. Gari huachwa Mokowe, upande wa bara, bidhaa huvuka kwa chombo, na kutoka gatini hubebwa na punda na mikokoteni hadi vichochoroni. Punda akisimama katikati ya kichochoro akishushwa mawe, mji mzima hungoja nyuma yake, na maneno anayoambiwa mwenye punda siyaandiki hapa.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Maweni alikuja na ramani ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilimwomba achukue kamba na jivu, achore lango na sehemu ya lori chini kwenye ploti, kisha amwite dereva anayemletea mzigo. Dereva aliingiza mara tatu, mara ya nne akazima injini akashuka.

"Mzee, hapa nitakugongea ukuta kila Ijumaa."

"Nisogeze wapi?"

Dereva akavua kandambili moja, akaiweka mita mbili kushoto. Nguzo za lango zilikuwa bado hazijamwagwa zege.