Dawa ya asili nayo yaweza kuleta degedege

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba dawa ya miti shamba, hata isipotibu, haidhuru. Si kweli. Ubongo una kemikali iitwayo GABA, inayotuliza seli za neva. Thujoni, kemikali iliyomo katika aina fulani za mmea wa pakanga, huzuia kazi hiyo. Seli zikikosa breki, hufyatua umeme kwa pamoja na mtu huanguka.

Kafuri ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mtoto mdogo akimeza kijiko kimoja tu cha mafuta yake, degedege laweza kumshika ndani ya dakika chache, hata kama hajawahi kuugua kifafa. Mafuta ya mkaratusi hali kadhalika. Tofauti na jani lililochemshwa, tone la mafuta yaliyokolezwa hubeba nguvu ya majani mengi.