Kompyuta haina intaneti, virusi vimetoka wapi?

"Kompyuta isiyounganishwa na intaneti haipati virusi."

Hii ndiyo dhana inayowaponza wengi wanaoanza kujifunza usalama wa kompyuta, na steshenari za Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, zinaikanusha kila siku. Mwanafunzi anapeleka flashi kuprinti ripoti. Akifika chuoni, folda zote zimegeuka shotikati (vialama vya njia ya mkato). Mafaili hayajafutwa. Kirusi kimeyaficha, kikaweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya, unakiendesha mwenyewe. Kinajinakili kwenye kompyuta na kuingia kila flashi itakayochomekwa.

Wengi hukimbilia kufomati, na ripoti inapotea. Tafuta kwanza kompyuta safi yenye antivirusi iliyosasishwa. Chomeka flashi, usibofye chochote, iskani. Kisha fungua cmd, dirisha la Windows la kuandika amri; kama flashi inasoma kwa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, mafaili yatajitokeza. Nakili nyaraka zako tu, uache shotikati na mafaili ya .vbs au .exe usiyoyajua, ndipo ufomati. Ukifanya haya kwenye kompyuta yenye kirusi bado, kitayaficha tena muda uleule.

Stuxnet, kirusi kilichogundulika mwaka 2010, kilifika kwenye mitambo ya nyuklia ya Natanz, Iran, ambayo haikuwa na intaneti kabisa.

"Nina antivirusi, masasisho yanamaliza bando tu."

WannaCry ya Mei 2017, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai malipo, ilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba tangu Machi mwaka huo. Walioumia wengi hawakuwa wamesasisha. Tumia Wi-Fi ya chuo au bando la usiku, lakini sasisha. Na fundi akikuwekea Windows iliyokrekiwa (isiyo na leseni halali), akataka uzime antivirusi kwanza, mkatalie: huwezi kujua ameingiza nini humo ndani.

"Nywila nzuri ni yenye alama nyingi."

Mb3ya@2024 inaonekana ngumu, ila programu za kubahatisha nywila hujaribu mapema majina ya miji, miaka na herufi zilizogeuzwa tarakimu. Urefu ndio unaosaidia: maneno manne yasiyohusiana, kwa mfano parachichi-ngazi-mvuke-kiatu (chagua yako, hii imeshasomwa). Methali usitumie, maana zinajulikana. Kubwa zaidi, nywila ya barua pepe isifungue kitu kingine chochote, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila zako nyingine zote.

"Tovuti yenye alama ya kufuli ni ya kuaminika."

Kufuli linasema mawasiliano yamefichwa njiani, basi. Tapeli naye hulipata bure. Soma anwani yenyewe, herufi kwa herufi, kabla ya kuandika nywila.