Uso wa mtoto ni kazi ya nani?

Na Afisa Ustawi wa Jamii, Dodoma

Pita vijiji vya Kongwa asubuhi ya kiangazi. Mtoto wa miaka mitatu amekaa mlangoni pa tembe, makamasi yamekauka, tongotongo zimejaa, nzi wamekwishafika. Uliza kwa nini hajanawishwa. Utaambiwa, "Mama yake kaenda maji." Ni kweli kaenda. Ila baba yupo, kaka yupo, na babu anaota jua hapo hapo.

Trakoma, ambayo wengi tunaiita vikope, huletwa na bakteria wanaohama jicho hadi jicho kwa mikono, kwa khanga iliyofuta watoto wawili, na kwa nzi. Mtu akiambukizwa tena na tena tangu utotoni, upande wa ndani wa kope hupata makovu, kope hujikunja, na nywele zake hukwaruza jicho mpaka likapofuka. Wanawake hufikia hatua hiyo kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Sijaona mfano ulio wazi zaidi wa kazi za nyumbani kuingia mwilini mwa mtu.

Shirika la Afya Duniani linataka mambo manne yaende pamoja: upasuaji wa kope, dawa, kunawa uso, na usafi wa mazingira. Vijijini kwetu kila jambo lina mwenyewe. Upasuaji na dawa ni vya serikali. Choo ni cha baba, maana kuchimba shimo ni kazi ya mwanamume. Uso ni wa mama. Punda na mkokoteni wa kubebea maji wako kwa vijana, na pengine leo wamebeba mizigo ya mnadani. Hata kamati ya maji hukaa kivyake na ya afya kivyake. Kila mmoja katimiza lake, na tongotongo ziko pale pale.

Kuvuka mpaka huo kuna gharama. Mwanamke akidai mkutanoni kwamba choo kichimbwe kabla ya mvua, ataambiwa hayo awaachie wanaume. Mwanamume akimnawisha mwanawe uani, wenzake watasema kalishwa limbwata. Wanaodai kwamba hivyo ndivyo tulivyoumbwa, huwa nawakumbusha ngoma ya muheme: makabila mengi huona ngoma ni ya mwanamume kupiga, lakini Ugogoni wanawake ndio huibana mapajani na kuipiga, na hakuna anayeshangaa.

Kunawisha uso hakuhitaji ndoo. Lita moja ikimiminwa kidogo kidogo hunawisha nyuso nyingi. Kibuyu chirizi cha dumu, kamba na kijiti hutengenezwa na mvulana wa darasa la tano kwa muda mfupi, kisha yeye mwenyewe awanawishe wadogo zake kabla ya kwenda shule.

Mama ambaye kope zimeshajikunja asiishie kuzing'oa kwa kibano, kwani huota tena. Aende kituo cha afya aelekezwe kwenye upasuaji, ambao ni mdogo. Kinachowachelewesha wengi si woga wa kisu. Ni swali la nani atachota maji na kusonga ugali siku hizo chache ambazo jicho linapona. Baba mwenye nyumba, swali hilo ni lako, na ulijibu kabla mkeo hajapanda gari.