Sikio linauma, ugonjwa uko kwenye taya

Jamani, acheni kutia mafuta ya kitunguu thomu masikioni! Hapa Chake Chake haipiti wiki sijaletewa mtu aliyekwisha kutia mafuta, akamaliza na chupa ya matone, na bado analia na sikio. Ukilimulika, kiwambo kiko safi. Ukimuuliza habari za kutafuna anashangaa: "Daktari, mie naumwa na sikio, si meno."

Kiungo cha taya kiko mbele tu ya tundu la sikio, na mshipa wa fahamu unaokihudumia unafika pia sikioni na panjani. Maumivu yakitoka huko, ubongo hukosea pahala. Basi mtu husema sikio limeziba au linavuma, panja zinamgonga kila akiamka, au gego linamuuma ilhali halijatoboka. Hilo la gego ndilo linaloniudhi hasa: watu wanang'olewa meno mazima, na maumivu yanabaki pale pale.

Weka vidole mbele ya masikio, fungua na ufumbe kinywa taratibu. Kisha bonyeza ule msuli wa shavu unaotuna ukikaza meno. Yakija maumivu yale yale unayoyaita ya sikio, taya ndilo la kutazamwa. Mlio wa taya peke yake, bila maumivu wala kukwama, hauhitaji dawa.

Kuhusu kuvuma na kizunguzungu, niseme kweli. Mwaka 1934 daktari wa Marekani, James Costen, aliyahusisha na taya, akadai chanzo ni kupotea kwa magego. Maelezo yake yalikuja kukataliwa, lakini wagonjwa wenyewe wapo. Taya likitulizwa, wengine mvumo hupungua, wengine haubadiliki kabisa, nami siwezi kumuahidi mtu mapema.

Kwa wiki chache acha miwa na bigijii, kanda shavu kwa kitambaa cha moto. Kubwa zaidi, meno ya juu na ya chini yasigusane ila unapokula au kumeza. Watu hawaliamini hili. Jitazame ukiwa unashona au unaendesha gari: midomo imefumba, na meno umeyakaza bila habari. Kifaa cha kuvaa menoni usiku huwafaa baadhi tu.

Usikivu ukipotea ghafla, nenda kwa daktari wa masikio siku hiyo hiyo. Na aliyepita miaka 50, akianza kuumwa na panja na taya kuchoka akitafuna, awahi hospitali: huenda mishipa ya damu imevimba, na akichelewa anaweza kupofuka.